Mbwa na Paka Katika Kalenda ya Mvua: Habari za Nyumbani Tangu Januari

Mvua za masika zimepungua hapa Njoro, katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, mahindi yamefika kifuani, na asubuhi hizi za Julai ukungu hushuka kutoka upande wa Mau ukalifunika zizi hadi ng'ombe wasikike bila kuonekana. Simba, mbwa wetu mzee, ameacha kulala barazani na kuhamia kando ya ukuta wa jikoni, ambako moto wa kuni hupasha matofali mpaka usiku wa manane. Pendo, mbwa jike tuliyemchukua mwaka jana, ana watoto watano wa wiki kumi. Paka wa ghala, ambaye watoto wangu wanamwita Kijivu, yuko salama, na panya wa ghala wanalijua hilo.

Mimi ni daktari wa mifugo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni ng'ombe wa maziwa. Watu hunipigia simu kwa ajili ya ng'ombe kwa sababu ng'ombe ndiye anayelipa karo. Mbwa wa boma huwa nje ya lango nikiingia na nje ya lango nikitoka, na ni mara chache sana mwenyeji kuniomba nimtazame. Kila mkulima wa huku ana kalenda kichwani: kulima Februari, kupanda mvua ikishuka mwishoni mwa Machi, kupalilia na kuweka mbolea ya kukuzia Mei, kuvuna kuanzia Oktoba. Ng'ombe ana nafasi yake katika kalenda hiyo, kuku pia wameanza kupewa yao tangu watu walipozoea chanjo ya kideri, lakini mbwa na paka hawamo kabisa. Ndiyo sababu ninaeleza habari za nyumba yetu za nusu hii ya mwaka kwa kufuata mvua na jua, kwa maana maradhi ya wanyama hawa, na yale wanayowapa watu, nayo hufuata mvua na jua.

Mwezi wa Januari tulikwenda Vihiga kumsalimu mama mkwe wangu. Kiangazi kilikuwa kimekomaa, vumbi likiwa jepesi kama unga, na mbwa wake wawili walikuwa wakilala ndani ya jiko la zamani lenye sakafu ya udongo, karibu na mafiga, kwa sababu majivu hukaa na joto. Siku ya pili niliona mmoja wao akitembea kama anayekanyaga miiba. Nilimlaza, nikafungua vidole vyake, nikakuta kati ya nyayo uvimbe mweupe wenye doa jeusi katikati, mmoja kando ya mwingine. Walikuwa funza. Mama mkwe alikuwa amewahangaikia wajukuu wake tangu Desemba, akiwaosha miguu kila jioni na kuwavisha viatu, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mbwa wanaowarudisha funza ndani kila usiku ni wale wale wanaolinda nyumba.

Funza ni aina ya kiroboto, na hakuwa wa bara hili. Alivuka bahari kutoka Amerika ya Kusini na kufika Angola mwaka 1872, kisha akasambaa hadi kwetu kwa miguu ya wasafiri na wanyama katika miongo michache iliyofuata. Jike huingia kwenye ngozi, hujaa mayai na kuvimba hadi kufikia ukubwa wa punje ndogo, halafu huyamwaga mayai ardhini. Viluwiluwi vyake hukulia katika udongo mkavu uliolegea, na hiyo ndiyo sababu huzidi wakati wa kiangazi na kupungua mvua inapoishikanisha ardhi. Mbwa, paka na nguruwe humbeba sawasawa na binadamu. Familia inayowatibu watoto peke yao na kuwaacha mbwa itatibu tena mwezi unaofuata.

Hatukumchoma mtu wala mnyama kwa pini, kwa kuwa pini moja inayopita kutoka mguu hadi mguu huhamisha maradhi mengine makubwa kuliko funza mwenyewe. Niliwasafisha mbwa nyayo kwa maji ya sabuni na kuwapaka dawa, nikawafanyia malazi ya mbao zilizoinuliwa nje ya jiko, kisha mume wangu na ndugu zake wakaichimbua sakafu ile na kuisakafia kwa saruji. "Mwanangu, kumbe nilikuwa nafagia mlango ukiwa wazi," mama aliniambia siku tuliyoondoka. Nilimjibu kwamba hakuna alilokosea, kwa sababu elimu hiyo ilipaswa kuletwa kwake na watu wenye kazi kama yangu.

Februari, kabla ya mvua, huwa nachanja mbwa na paka wetu dhidi ya kichaa cha mbwa. Sichagui mwezi huo kwa mazoea. Chanjo hukaa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8, na kuisafirisha kwa bodaboda katika barabara ya udongo iliyolowa ni shida. Isitoshe, mvua ikianza hakuna anayetoka shambani kuleta mbwa. Jambo lililo kubwa zaidi ni kwamba shule hufungwa Aprili. Watoto wakiwa nyumbani ndio wanaoshinda na mbwa, na duniani kote karibu watu 4 kati ya kila 10 wanaokufa kwa kichaa cha mbwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Mwaka huu nilitembelea maboma kadhaa ya jirani kuwakumbusha. Wengi waliitika, wachache walisema wangeleta mbwa wao baada ya kupanda.

Katika majuma ya mwanzo ya likizo, mvua ikinyesha tangu alfajiri, mzee mmoja wa ng'ambo ya bonde alinipigia simu. "Mama daktari, mbwa wetu amekwamwa na mfupa kooni. Mdomo haufungi na mate yanamtoka. Mjukuu wangu amejaribu kuutoa mfupa kwa mkono, hakuuona."

Moyo wangu ulishtuka kabla hajamaliza. Nilimwambia, "Mzee wangu, nakuomba mtu yeyote asimguse tena. Mpeleke kijana mferejini sasa hivi, aoshe mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, nawe uoshe wako. Nakuja."

Watu wengi wanakijua kichaa cha mbwa kwa sura moja tu, ile ya mbwa anayekimbia ovyo na kuuma kila kitu, hata mawe. Ipo sura ya pili, ya kimya, nayo ndiyo inayodanganya. Mbwa hupooza taya, ulimi huning'inia, hawezi kumeza hata maji, sauti yake hubadilika, na miguu ya nyuma huanza kuyumba. Mwenye mbwa, kwa huruma, hudhani ni mfupa na kutia mkono mdomoni, mahali pale pale ambapo virusi vimejaa katika mate. Hata ng'ombe huweza kuonyesha dalili zinazofanana na kukwamwa na kiazi. Kwa hiyo ninaomba jambo hili likumbukwe kuliko mengine yote niliyoyaandika hapa: mnyama asiyeweza kufunga mdomo na anayetokwa mate asichunguzwe kwa mkono mtupu na mtu yeyote, hata kama mfupa umeonekana akiutafuna asubuhi ile ile.

Nilimkuta mbwa yule chini ya ghala, katika hali niliyoihofia. Hakuwa amechanjwa, na mzee alikumbuka kwamba takriban mwezi mmoja kabla mbwa huyo aliumwa na mbwa mgeni aliyepita kijijini. Virusi hivi havisafiri kwa damu. Hupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, kisha hushuka kwenye tezi za mate. Ndiyo maana majuma au miezi hupita bila dalili, na ndiyo maana jeraha la usoni au la mkononi, hasa kwa mtoto, lina hatari ya kuwahi zaidi kuliko la mguuni. Lakini muda huo huo wa kungoja ndio unaompa binadamu nafasi ya kuokolewa, kwa kuwa chanjo ikitolewa mapema baada ya kuumwa au kulambwa kwenye kidonda, kinga hutangulia kufika. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Mbwa yule alipumzishwa bila maumivu, na sampuli iliyopelekwa maabara ilithibitisha ugonjwa. Kijana alikuwa na mikwaruzo vidoleni, babu yake naye alikuwa na jeraha la jembe. Kituo cha kwanza cha afya walichokwenda hakikuwa na chanjo, wakalazimika kupanda gari hadi Nakuru mjini, ambako walichomwa siku hiyo hiyo na kupewa tarehe za kurudi: siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Nilizihesabu tarehe zile pamoja nao, na mara mbili nilimpeleka kijana mwenyewe, kwa sababu kidonda kikishapona ni rahisi mtu kuiona nauli ya sindano ya nne kuwa ni hasara. Muhula wa pili alirudi darasani akiwa mzima.

Ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1912, kwa mbwa aliyepatikana viungani mwa Nairobi. Mwaka 2014 serikali ilizindua mpango wa kuumaliza kwa binadamu ifikapo 2030, na Kisumu na Siaya zilikuwa miongoni mwa kaunti za kuanzia. Hesabu yenyewe inafahamika: asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa kila mwaka, maambukizi hukatika, kwa sababu karibu kila mtu anayeugua ameupata kwa mbwa. Lakini asilimia hiyo haifikiwi na boma langu peke yake. Baada ya tukio la Aprili, wale waliosema wangesubiri hadi wamalize kupanda walikuja wote kwa siku moja, wengine wakiwafunga mbwa kwa kamba za ng'ombe, na tulichanja hadi giza likaingia.

Mvua hiyo hiyo ya Aprili ilileta kupe. Watu hufikiri kupe wa mbwa ni yule yule wa ng'ombe, na wakishaogesha ng'ombe huona wamemaliza. Kupe wa masikio anayewapa ndama ndigana huzidi kwenye malisho wakati wa mvua, na mbwa aliyepita majanini huweza kurudi naye, lakini kupe wa mbwa mwenyewe hukaa nyumbani mwaka mzima, kwenye nyufa za ukuta na chini ya mbao za kibanda, ambamo jike mmoja hutaga mayai maelfu. Ukimtibu mbwa bila kukipulizia dawa kibanda chake, umemtibu kwa juma moja tu. Simba aliacha kula mwishoni mwa mwezi huo. Ufizi wake ulikuwa mweupe kama karatasi na mkojo wake mweusi kama kahawa, dalili ya vijidudu vinavyovunja chembe za damu. Alipona kwa sababu tulimwona siku ya kwanza. Tangu hapo binti yangu mkubwa ana kazi yake ya Jumamosi jioni: kumpekua masikioni, kwapani na kati ya vidole, na kutumbukiza kupe katika mkebe wa spiriti badala ya kuwapasua kwa kucha.

Jambo moja kuhusu dawa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isimwagiwe paka kamwe. Amitrazi, mojawapo ya dawa za kuua kupe, humdhuru, na permethrini, nyingine ya kazi hiyo, ambayo mbwa huivumilia, huweza kumuua paka kwa mitetemeko katika muda mfupi. Paka wengi wanaoletwa kwangu wakiwa wanatetemeka wamepakwa dawa na mikono iliyowapenda.

Minyoo nitaitaja kwa ufupi kwa kuwa utaratibu wake ni mwepesi: watoto wa mbwa hupewa dawa kuanzia wiki ya pili, kila baada ya wiki mbili hadi wafikishe wiki 12, na wakubwa kila miezi mitatu. Mapafu na maini mabichi yenye malengelenge ya maji yazikwe au yachomwe, wala mbwa asitupiwe, hata siku ya sherehe.

Mbele yetu kuna mavuno, na hapo ndipo wasiwasi wangu wa kila mwaka huanza. Mahindi yakivunwa mvuani huota ukungu, watu huchambua yale mazuri, kisha yaliyoharibika husagwa ili kuwapikia mbwa. Sumu ya ukungu ule, aflatoksini, haiondolewi kwa kupika. Mwaka 2004 iliwapata watu 317 mashariki mwa Kenya na kuua 125 kati yao, na ini la mbwa si gumu kuliko letu. Nimewaona mbwa wakigeuka manjano machoni na kufa ndani ya siku chache baada ya gunia jipya kufunguliwa. Mwaka huu tumenunua turubai mbili za kuanikia, na hatutaingiza chochote ghalani kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5. Sumu ya panya pia haitawekwa, kwa sababu paka anayekula panya aliyekula sumu naye huangamia, na kazi ile Kijivu anaiweza.

Watoto wa Pendo watatimiza miezi mitatu katika juma la kwanza la Agosti, shule zikiwa zinakaribia kufungwa. Wamekwisha kuombwa wote watano, mmoja na yule mzee wa ng'ambo ya bonde. Nimewaambia wote watakaowachukua kwamba hakuna atakayetoka hapa kabla ya kuchanjwa, kwamba kila mmoja ataondoka na kadi yake yenye tarehe ya kurudia mwakani mwezi wa Februari, na kwamba waje na kikapu chenye kitambaa kikavu, maana asubuhi hizi bado ni za baridi kali. Mjukuu wa mzee amekwisha kuja mara mbili kumtazama wake, yule mwenye doa jeupe kifuani, na kila mara hunawa mikono mferejini kabla ya kuondoka bila mtu kumwambia.