Risiva za kijeshi za kunasa mawasiliano: kushika mbali sio ishu

Mtu akiona risiva ya kijeshi ya zamani imekaa mezani, lile dude la chuma lenye manobu kibao, swali la kwanza huwa lilelile tu, hii inashika mpaka wapi? Jamani hata redio ya kawaida ya valvu (zile taa za kioo za kabla ya transista) ukiipa waya mrefu wa antena, usiku, mawimbi mafupi yakiwa yamefunguka, itashika bara jingine bila shida. Kazi ya kunasa mawasiliano ya adui inadai kitu kingine kabisa, unaambiwa nenda masafa fulani saa fulani, unatakiwa utue palepale bila kupapasapapasa, na ukishatua redio isihame. Jamaa wa upande wa pili hakujui, hakusubiri, anatuma ujumbe wake dakika mbili anazima mtambo.

Chukua vile vituo vya Waingereza vya vita vya pili vya dunia vilivyoitwa vituo vya Y, kina Beaumanor na Chicksands. Wamekaa watu pale, wengi mabinti wa jeshini, hedfoni masikioni zamu nzima, wanaandika Morse ya Wajerumani kwa penseli, mafungu ya herufi tanotano ambayo kwa anayeandika hayana maana yoyote, afu karatasi zinapelekwa Bletchley Park, kwa wavunja misimbo wa Uingereza, wakapambane nazo. Sasa fikiria ugumu wake, ukisikiliza lugha unayoijua neno likimezwa na kelele unalikisia, lakini hizi herufi za Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuficha ujumbe, hazikisiiki, ikikupita imekupita. Ndo maana wale watu walizoea mpaka mkono wa mtumaji, yaani wanamjua huyu ni yule wa jana kwa jinsi anavyogonga nukta na vistari vyake, hata kama amebadilisha jina la kituo na masafa.

Risiva waliyoitumia sana ni HRO ya kampuni ya National ya Marekani, ya miaka ya 1930. Mi naipenda lakini tusidanganyane, ni ya kizamani hata kwa wakati wake wa vita. Ukitaka kubadilisha bendi unachomoa kisanduku kizima cha koili (nyaya zilizosokotwa za kuchagulia bendi) kwa mbele unachomeka kingine, na pawasapulai ni boksi la pembeni. Uzuri wake uko kwenye ile nobu kubwa ya katikati, inazunguka mara kumi kutoka 0 mpaka 500, na namba zenyewe zinabadilika kwenye vidirisha vidogo kadri unavyozungusha, hivyo ukiandika 237 leo kesho unarudi 237. Ila hiyo 237 sio masafa! Inabidi uangalie grafu iliyobandikwa kwenye kisanduku cha koili ndo ujue uko kilohezi ngapi. Kampuni ya RCA ya Marekani wakaja na AR-88, valvu 14, zito kiasi kwamba ukilinyanyua peke yako mgongo utakukumbusha, na lenyewe likishapata moto vizuri linatulia hasa. Wajerumani nao Telefunken waliwatengenezea E52, ile waliyoipa jina la Köln, ambayo inamulika namba za masafa kwa taa na lenzi mpaka kwenye kioo kidogo mbele ya macho yako. Kwa mtu wa zamu ya usiku hiyo ni raha.

Baada ya vita ndo mambo yakawa matamu, na kuna mashine mbili ambazo nikianza kuzizungumzia watu hunikimbia.

Ya kwanza R-390A, kampuni ya Collins waliisanifu kwa ajili ya jeshi la Marekani miaka ya 1950, kampuni kadhaa zikaitengeneza. Inaenda nusu megahezi mpaka 32. Fungua kifuniko cha juu afu zungusha nobu ya megahezi taratibu huku unaangalia, utaona giya juu ya giya, kamu zinasukuma reli, reli zinapanda na kushuka zikiwa zimebeba vijiti vinavyoingia na kutoka ndani ya koili, hatua zote za mbele zinajitune kwa pamoja kwa sababu zimefungwa kwenye mtambo mmoja. Kwa mbele unachoona ni namba tu zinazojigeuza kama za maili kwenye dashibodi ya gari, na ni masafa halisi, unasoma kilohezi moja moja. Nobu ya kilohezi ukiizungusha mara moja umesogea kilohezi 100, mara kumi umemaliza megahezi. Hakuna grafu, hakuna kukisia, unaambiwa nenda 7305 unaenda 7305. Afu kuna filta, upana unachagua kuanzia kilohezi 16 mpaka 0.1, na zile za 2 hadi 16 ni filta za kimakanika, yaani ndani kuna visahani vya chuma vinavyotetema vyenyewe kwenye kilohezi 455 na kukataa vingine vyote. Stesheni mbili zinazokaliana shingoni unazitenganisha safi kabisa.

Ya pili ni Racal RA-17 ya Uingereza, na hapa akili ni ya Trevor Wadley wa Afrika Kusini. Tatizo alilolitatua ni hili, osileta, yaani sakiti ya ndani inayozalisha mawimbi ya kuchanganywa na yale ya antena, ikiwa inazungushwa kwa mkono haitulii, joto likipanda inahama, na ikihama na wewe unahama nayo. Badala ya kuituliza kwa nguvu akaiacha ihame, akafuta athari yake. Twende na namba ndo utaelewa. Unataka megahezi 7.3. Unaweka osileta ya kwanza karibu na 47.5, ukitoa 7.3 unabaki na 40.2, hiyo ni njia ya kwanza. Pembeni kuna kristali (kipande cha madini kinachotetema bila kuhamahama) ya megahezi 1 inayotoa vizidishe vyake vyote, 1, 2, 3 mpaka huko, osileta ileile inachanganywa navyo na filta inapitisha kile tu kinachoangukia 37.5, kwa hiyo hapa kinachofanya kazi ni kizidishe cha kumi. Sasa chukua 40.2 toa 37.5, unapata 2.7. Haya, osileta imepata joto imehamia 47.52. Njia ya kwanza inakuwa 40.22, ya pili 37.52, toa, bado 2.7! Kosa limeingia pande zote mbili likajifuta lenyewe. Kinachobaki kushika usahihi ni kristali na osileta ndogo ya mwisho ya kutafuta ndani ya ile megahezi moja, ambayo skeli yake imechapwa kwenye mkanda wa filamu mrefu. Mi nimejenga vitu vingi ila sijawahi kuona wazo linalonifurahisha kama hili.

Kuna upande mwingine watu wanausahau, risiva nayo inatoa mawimbi. Osileta ya ndani ikivuja kupitia antena, mwenye kifaa kizuri anaweza kujua kuna mtu anasikiliza na anasikiliza masafa gani, na MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, walilitumia hilo dhidi ya majasusi kwa mbinu iliyoitwa RAFTER. Mwaka 1943 Wajerumani waliingiwa na wasiwasi kwamba Metox, risiva yao ya kunusa rada kwenye nyambizi, ndo inawasaliti kwa mawimbi yake wakapiga marufuku, kumbe kilichokuwa kinawamaliza zaidi ni rada mpya za sentimita ambazo Metox haikuzisikia kabisa.

Na risiva hata iwe nzuri vipi haiwezi kusikia kisichofika. Waingereza walihamisha kituo chao cha kunasa mawasiliano kutoka Colombo kwenda Kilindini, Mombasa, mwaka 1942 baada ya shambulio la Wajapani, wakakaa kwenye jengo la shule ya Allidina Visram. Wavunja misimbo pale walifanya kazi kubwa, waliufungua msimbo wa JN-40 wa meli za mizigo za Japani, lakini mawimbi ya Wajapani yalifika hafifu mno, yenye nguvu tu ndo yalisikika, na 1943 wakarudi Colombo.

Kwa mnaotaka kununua, msichomeke kwenye umeme siku ya kwanza, tafadhali. Kapasita za karatasi na nta zinakuwa zimeanza kupitisha umeme zamani sana. Kwenye R-390A tafuta ile inayoitwa C553 uibadilishe kabla ya kitu kingine chochote, ndiyo inayozuia volti ya juu isiingie kwenye filta za kimakanika, ikifa inaondoka na filta, na filta hizo kuzipata ni kazi. Na ukikuta mita zimetolewa zimebaki matundu usishangae, baadhi zilipakwa rangi yenye unururifu, yaani inayotoa miale hatari, jeshi likazing'oa kabla ya kuuza. Zako zikiwa bado zipo, kioo usikifungue wala usikwangue ile rangi.