Leza ya mabaka ya ngozi: maana yake na jinsi inavyofanya kazi

Anika shati jeupe na jeusi kwenye kamba moja hapa Kisumu, kisha uyaguse saa saba mchana. Jeusi litakuwa na joto zaidi, ingawa jua ni lile lile. Leza ya mabaka inategemea jambo hilo hilo.

Leza ni mwanga wa rangi moja tu, uliokusanywa ukawa na nguvu nyingi. Ukielekezwa kwenye baka, hufyonzwa na melanini, rangi asilia ya ngozi. Melanini hupata joto ghafla na kupasukapasuka, kisha mwili huviondoa vipande hivyo polepole, wiki baada ya wiki. Anderson na Parrish, madaktari wa Marekani, walieleza mwaka 1983 jinsi ya kuilenga rangi bila kuchoma nyama ya pembeni, na muda ndio ufunguo. Pitisha kidole upesi kwenye mwali wa koroboi, huungui. Kiache hapo, utaungua. Ndiyo maana leza nyingi za mabaka hupiga kwa nanosekunde chache, na nanosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni.

Sasa ngozi zetu. Leza haitofautishi baka na ngozi yako nzuri. Inafuata melanini popote ilipo, nasi tunayo tele kuanzia utosini hadi miguuni. Ikitumiwa isiyofaa, ngozi huungua, na ngozi nyeusi ikiungua mara nyingi huacha doa jeusi kuliko la kwanza. Kwa hiyo kwa ngozi nyeusi hufaa zaidi aina ya leza iitwayo Nd:YAG, ya nanomita 1064 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga): melanini huifyonza kidogo, nayo hupenya ndani zaidi. Namba hiyo iulize kabla hujalipa chochote. Omba pia wajaribu kwanza mahali padogo, kama nyuma ya sikio, mkasubiri wiki kadhaa.

Mama anayeuza omena soko la Kibuye, juani kutwa, mashavu yote mawili yakiwa na mabaka yaliyoanza akiwa mjamzito, hana haja ya kuanza na leza. Mabaka hayo, melasma, hufifia na kurudi, na pengine leza huyazidisha. Aanze na kofia pana, mwavuli na losheni ya kukinga jua. Krimu za kujichubua zenye zebaki asiziguse, zinaharibu figo.

Mbalanga ni kinyume chake: rangi imetoweka. Kuna leza ya nanomita 308 inayotumika kuichochea irudi.