Nyuzi 38 kwenye kifaa si nyuzi 38 mshipani

Wengi wanaonunua vifaa vya kubebeka vya kupasha joto maji ya dripu kwa ajili ya magari ya wagonjwa hutazama namba moja tu: nyuzi joto za juu kabisa. Kikifika 38, wanaona kazi imekwisha. Sivyo.

Joto linalomsaidia mgonjwa ni lile linalofika kwenye kanula, yaani kijibomba kinachoingia mshipani. Dripu ikienda polepole kupitia mpira mrefu kwenye baridi, maji hupoa njiani, kwa hiyo kifaa kinapaswa kukaa karibu kabisa na mkono wa mgonjwa. Ikienda kasi, tatizo hugeuka: maji hupita kabla hayajashika joto. Muulize muuzaji: maji yanayoingia na nyuzi 4, yakipita kwa kasi yenu ya dharura, hutoka na nyuzi ngapi?

Halafu betri. Kupandisha lita moja kutoka nyuzi 20 hadi 37 hula takriban wati-saa 20, hata kabla ya kuhesabu joto linalopotea. Damu iliyotoka kwenye jokofu hudai karibu mara mbili. Hapa hakuna ujanja; betri ndogo haiwezi kupasha lita nyingi, tangazo liseme lisemavyo.

Nasisitiza hili kwa sababu majeruhi anayevuja damu akipoa, damu yake huganda kwa shida, naye huzidi kuvuja. Tena kifaa hiki hakimpashi yeye joto, kinazuia tu dripu isimpoze zaidi. Blanketi bado linahitajika.