Ubalozi haumo kwenye kozi

Juzi limenifika tena. Nilikuwa napita Shela, hapa Malindi, baada ya laasiri, mzee mmoja wa mtaa akaniita barazani. Ubavuni pake ameketi mjukuu wake, barua ya chuo kikuu mkononi. "Mwanangu, huyu kapata ile kozi yako ya uhusiano wa kimataifa. Miaka minne tu, inshallah tuna balozi nyumbani." Nilimpa kijana mkono, nikamwombea dua. Sikutaka kumvunja mzee mbele ya watu. Lakini ni mara ya ngapi hii? Kuna wazazi wanauza shamba kwa neno hilo, na mimi sinyamazi tena.

Kwa Katiba ya Kenya, kifungu cha 132, balozi huteuliwa na rais kwa idhini ya Bunge la Taifa. Ndiyo maana wanaoteuliwa ni pamoja na wanasiasa, majenerali wastaafu, na maafisa waliopanda wizarani ngazi kwa ngazi tangu wakiwa makatibu wa tatu. Salim Ahmed Salim, Mtanzania wa Zanzibar, alipelekwa Misri kuwa balozi mwaka 1964, ana miaka 22. Vyeti vya chuo kikuu vilimfuata baadaye. Anayetaka cheo tu, kozi hii haikumwahidi.

Linaloniudhi zaidi ni hili la kudhani tunafundishwa kuvaa suti na kusema maneno matamu. Kazi yetu ni kusoma sentensi. Kuisoma mpaka ikuumize kichwa.

Chukua mpaka wa bahari kati ya Kenya na Somalia, jambo linalowagusa wavuvi wa Kiunga kule Lamu. Tarehe 7 Aprili 2009 nchi hizi mbili zilitia saini hati ya makubaliano. Shabaha yake ilikuwa kwamba kila moja isipinge mwenzake kupeleka madai ya sakafu ya bahari kwenye tume ya Umoja wa Mataifa. Aya ya sita ikasema mpaka wenyewe utakubaliwa na nchi hizo mbili baada ya tume kumaliza kazi yake. Mwaka 2014 Somalia ikaenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Kenya ikasimama juu ya aya ile: tulishakubaliana njia yetu, Mahakama haina nafasi hapa. Majaji wakaisoma aya pamoja na hati nzima, wakaangalia hati iliandikwa kwa ajili gani, na tarehe 2 Februari 2017 wakaamua kuwa aya ya sita haikuzifunga nchi hizo kwenye njia moja ya kumaliza mzozo. Kesi ikaendelea. Machi 2021 Kenya haikushiriki kusikilizwa kwa shauri, na tarehe 12 Oktoba mwaka huohuo hukumu ikatoka; mstari haukufuata latitudo, yaani kwenda moja kwa moja mashariki, kama Kenya ilivyodai. Kenya ikaikataa hukumu.

Aya moja! Nani aliiandika? Nani aliipitia usiku kabla ya kalamu kushikwa, akauliza "baada ya" hapa inamfunga nani? Mtu huyo hapigwi picha, wala mtaani haitwi mheshimiwa. Ndiye tunayemsomesha miaka minne.

Na kazi zipo, hata bila kupanda ndege. Kituo cha anga za juu cha Ngwana, hapa hapa kwetu, kinasimama juu ya makubaliano ya Kenya na Italia; huko ndiko satelaiti ya Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970. Kila makubaliano kama hayo yanapojadiliwa upya, lazima awepo wa kuuliza watoto wa Malindi wanapata nini. Bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi mwaka 2021, ilianzishwa kama mradi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini. Kuna forodha, uhamiaji, itifaki za kaunti, utafiti, uandishi wa habari, na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya Gigiri, Nairobi. Lakini ajira ni chache kuliko wahitimu, na mlango wa kwanza mara nyingi haulipi. Mimi nilifanya mafunzo kazini miezi minane katika ofisi moja bila hata nauli, nikilala kwa shangazi yangu. Asiye na shangazi Nairobi afanyeje? Hilo bado linanikera.

Lugha nayo. Kiarabu ni mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na vijana wetu huingia madrasa wangali wadogo. Ila kukisoma si kukizungumza, wala si kuandika nacho rasimu. Anza hapo mapema.

Shaka ninazo. Darasani nadharia ya mizani ya nguvu, kwamba mnyonge hutafuta mshirika ili asimezwe na hasimu wake, huelezwa kwa kisa chetu: mwaka 1498 mfalme wa Malindi, hasimu wa Mombasa, alimpokea Vasco da Gama akampa rubani wa kumfikisha India. Karne haikuisha, Wareno wakahamia Mombasa, mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, na Malindi ikafifia. Nadharia inakaa sawa kabisa. Lakini habari za siku zile tumezipata zaidi kwa kalamu za Wareno, na mimi nimemaliza digrii mbili bila mwalimu hata mmoja kuniuliza mfalme mwenyewe angelielezaje jambo lake. Pia nimeanza kufikiri kwamba mtu asome kwanza sheria au uchumi, kisha uhusiano wa kimataifa iwe digrii ya pili. Wenzangu wengi hawakubaliani nami, na hoja zao si dhaifu.

Jana nilirudi kwa mzee. Kijana nilimchapishia ile hati ya 2009, nikamwambia asome aya ya sita, aje Jumamosi baada ya isha anieleze kwa Kiswahili inasema nini.