"Kidogo" ya kiharusi kidogo

Juzi kwenye daladala la kutoka Uyole kwenda Mwanjelwa, kijana mmoja alikuwa akiongea na simu: "Mama alipata kiharusi kidogo jana jioni, ila kimeshapita, yuko vizuri." Nimelisikia hilo "kidogo" mara nyingi mno hapa Mbeya, na kila nikilisikia linanichoma.

Kinachoitwa hivyo ni damu inayokwenda sehemu ya ubongo kuzibiwa njia kwa muda, mara nyingi na bonge la damu, kisha njia ikafunguka yenyewe. Dalili ni zilezile za kiharusi kamili na huja ghafla: mdomo kwenda upande, mkono au mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu, maneno kukwama, jicho moja kuingia giza. Kwa wengi huondoka ndani ya saa moja.

Wapo wanaodhani hata "ki-" ya mwanzo inapunguza, kama mto na kijito. Sivyo. Kiswahili kimeyaweka maradhi mengi kwenye ngeli hiyo: kifafa, kifaduro, kisukari, kichaa, kipindupindu. Nani amewahi kusikia kipindupindu kikiitwa pindupindu lililopungua? Basi "ki-" haipimi ukubwa, na "kidogo" tuliyoibandika sisi inapima muda tu. Haipimi hatari. Aliyeshikwa na hicho kifupi yuko karibu na kiharusi kikubwa, hasa katika saa 48 za mwanzo.

Na "kimepita" nayo ina kasoro. Zilizopita ni dalili. Presha, sukari, sigara, mafuta kwenye mishipa, moyo unaodunda bila mpangilio, vyote bado viko palepale, na hivyo ndivyo vya kutibiwa ili kiharusi kisirudi.

Shangazi yangu alikuwa akiuza ndizi za Tukuyu. Asubuhi moja ya Julai alikuwa akinirudishia chenji, sarafu zikamdondoka mkono wa kulia. Akaziangalia chini bila kuinama. Alipotaka kusema, mdomo ulilegea kulia na maneno yakatoka kama ya mtu mwenye usingizi. Baada ya dakika kumi hivi akaokota sarafu mwenyewe, akasema ni baridi, tena usiku aliulalia mkono. Tukakubali. Mkono uliolaliwa huamka na ganzi, ukiunyoosha inaisha. Haulegezi mdomo wala haukwamishi maneno. Sikulijua hilo. Siku ya tatu alianguka uani, na mkono ule haujashika sarafu tena.

Tungempeleka hospitali saa ileile, wangempima presha na sukari, wangeusikiliza moyo, wangempiga picha ya kichwa. Picha ina maana yake: kipo kiharusi cha mshipa kuziba na kipo cha mshipa kupasuka, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Ndiyo maana jirani anayekimbilia kumpa mgonjwa aspirini anaweza kumwongezea damu inayovuja.

Kabla sijashuka nilimwambia yule kijana: "Mwanangu, usiseme kidogo. Sema kiharusi cha muda, na mweleze daktari kilianza saa ngapi. Kama ni jana jioni, mpeleke leo hii, hata kama asubuhi ameamka akapika chai."