Presi ya hatua moja: maana yake na jinsi ya kuichagua

Presi hii ni mashine ya mkono ya kujazia upya maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa. Neno "hatua moja" huwapotosha wengi. Mtu hudhani ukishusha mkono wa presi mara moja, risasi imekwisha. Sivyo. Maana yake ni kwamba presi hii hushika kalibu moja tu, yaani chuma chenye tundu kinacholipa ganda umbo, kwa wakati mmoja, na kila ukishusha mkono unafanya kazi moja kwa ganda moja. Ifikirie kama kinu na mchi vilivyopinduliwa: mchi uko chini, kalibu iko juu, na mkono ukishuka mchi hupanda ukiwa umebeba ganda.

Kazi zenyewe hufuatana hivi. Ganda lililokwisha kupigwa huingia kwenye kalibu ya kwanza, ambayo huisukuma nje fataki kuukuu (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) na kulirudisha ganda katika kipimo chake. Fataki mpya hupachikwa. Baruti hupimwa kwa mizani na kumiminwa. Kalibu hubadilishwa, kichwa cha risasi kikakalishwa mdomoni mwa ganda. Kwa mwendo huo utapata risasi 50 hadi 100 kwa saa. Presi za mfululizo hutoa mia kadhaa, kwani kila mkono unaposhuka maganda kadhaa hufanyiwa kazi pamoja.

Nchini Kenya bunduki na risasi ziko chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114. Mwenye bunduki wa Malindi au Lamu aiulize mamlaka ya leseni za bunduki kwa maandishi kama anaruhusiwa kujaza risasi, tena apewe jibu kwa maandishi, kabla ya kununua hata fataki moja.

Sasa uchaguzi, na hapa fremu ndiyo kila kitu. Iko ya herufi O, iliyozunguka pande zote, na ya herufi C, iliyo wazi mbele. Ya C hupendwa kwa sababu vidole huingia kwa wepesi, na kwa maganda mafupi ya bastola inatosha kabisa. Lakini ukiikandamizia ganda la bunduki ndefu, mdomo wake hupanuka kidogo mno, na kidogo hicho ndicho kinachoharibu kazi.

Ipime hivi. Pandisha mchi hadi mwisho, kisha kaza kalibu ya kwanza mpaka iguse kishikizi cha ganda, kile kinacholishika kitako juu ya mchi. Teremsha mchi, weka ganda lililopakwa mafuta, halafu shusha mkono mpaka mwisho na umulike tochi kwa nyuma. Ukiona uzi wa mwanga kati ya kalibu na kishikizi, fremu imenyumbuka. Bega la ganda, pale linapoanza kuwa jembamba kuelekea mdomoni, halikurudishwa vya kutosha, na bunduki huenda ikagoma kufunga. Dawa ni kuishusha kalibu kidogo. Kalibu nyingi zina uzi wa skrubu wa kipenyo cha inchi 7/8 wenye meno 14 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mzima huishusha milimita 1.8. Ukiizungusha sehemu moja ya nane tu, imeshuka milimita 0.2 na ushei, na mara nyingi hiyo yatosha. Usizidishe: bega likirudishwa mno, ganda hunyooka kila linapopigwa, na mwishowe hukatika karibu na kitako.

Tazama pia uwazi wa fremu. Risasi kamili ya 9 mm haifiki milimita 30, ila ya bunduki kubwa ya uwindaji ya .375 H&H Magnum hufika 91 hivi. Ganda na kichwa chake lazima vipite chini ya kalibu bila kulazimishwa. Chunguza na njia ya fataki kuukuu: presi nzuri huzipitisha ndani ya mchi hadi kwenye kopo. Zikimwagika ovyo, masizi yake hukwaruza mchi, tena yana madini ya risasi, ambayo ni sumu. Nawa mikono kwa sabuni, na usile mezani hapo.

Meza isisahaulike. Ajuaye mbuzi ya kukunia nazi anajua inavyokera ikiyumba. Presi hutaka ubao mnene wa inchi 2, mvule ukipatikana, na bolti zinazopenya hadi chini zikiwa na washa pana. Skrubu za mbao hung'oka. Na kwa hewa yetu ya chumvi, mchi ufutwe kwa kitambaa chenye mafuta kila baada ya kazi, kwa sababu kutu huanzia pale palipong'aa, pasipo rangi. Mafuta hayo hayo yasikaribie fataki wala baruti.

Kosa linalowakuta wanaoanza ni kulibana ganda la bunduki ndefu likiwa kavu. Hunasa ndani ya kalibu, mkono ukivutwa kwa nguvu kitako huchanika, na kulitoa hapo ni kazi ya keekee na skrubu. Ukihisi ugumu usio wa kawaida, simama, rudisha mkono, paka mafuta tena. Yapakwe membamba: yakizidi, bega huingia kibonyo.

Faida kubwa ya presi hii iko kwenye ubao wa matundu 50 ya kusimamishia maganda. Maganda yote yakishapokea baruti, kabla ya kuweka kichwa hata kimoja, inama umulike tochi ndani ya kila moja. Ganda la bastola lililomiminiwa mara mbili, ambalo lingeweza kupasua silaha mkononi, baruti yake huonekana imepanda juu kuliko ya jirani zake.