Muvi nilizokodi karibuni, na kwa nini mie natazama zinavyokatwa

Watu wakijua kazi yangu ni kuediti video za harusi huwa wana suali moja tu, nikodi muvi gani leo, na mie najibu haraka haraka njiani halafu tunaachana sijaeleza sababu. Sasa leo nieleze vizuri, maana hizi nilizokodi karibuni hapa Chake, Pemba, zimenipa mengi ya kusema na kuna moja nataka kila mwenye watoto aitazame na wanawe.

Kwanza mjue mie natazama nini. Mwenzangu anatazama stori, nani kafa nani kaolewa, mie jicho langu liko kwenye kata, yaani pale shoti moja, kipande kilichopigwa kamera bila kukatizwa, inapoisha nyengine ikaanza. Muvi nzima ni vipande vilivyoungwa, na yule alieviunga ndo alieamua wewe uone nini, kwa muda gani, na nini usikione kabisa. Mfano ninao wa kila harusi: nna shoti ya mama wa bi harusi katulia tu anatazama, hacheki halii. Nikiiweka baada ya bi harusi kuingia garini anaondoka, kila anaetazama atasema masikini mama, kaondokewa na mwanawe. Nikiuweka uso ule ule baada ya shoti ya wageni wanaingia na masinia yanapita, watasema mama kashughulika kweli, anahakikisha watu wote wamekula. Uso haujabadilika hata kidogo! Mrusi mmoja Lev Kuleshov alilionesha hili kiasi cha miaka mia iliyopita, sinema bado hazina sauti, akachukua uso wa muigizaji mmoja akauunga na sahani ya supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke, na watu wakaona njaa, huzuni na mapenzi kwenye uso ule ule mmoja. Kwa hiyo muvi ikikuliza msifu muigizaji lakini mkumbuke na alieikata.

Haya sasa, ya kwanza na ndo bora kuliko zote: Children of Heaven, ya Iran, ya Majid Majidi, 1997. Ali kapeleka viatu vya mdogo wake Zahra kwa fundi kushona, wakati wa kurudi vikampotea, nyumbani pesa za vyengine hakuna na mama anaumwa, basi wale watoto wanakubaliana wasiseme kitu, watumie raba za Ali wote wawili, Zahra skuli asubuhi, Ali mchana. Sie hapa hatuhitaji kuelezwa, skuli zetu ngapi zina mikondo miwili, unajua kabisa mtoto wa asubuhi akichelewa kidogo tu wa mchana kashaharibikiwa. Kwa hiyo kila siku Zahra anatoka mbio kwenye vichochoro, Ali anamsubiri, wanabadilishana, Ali nae mbio. Hakuna bunduki, hakuna jambazi, na wallahi moyo unakwenda mbio kuliko muvi za mapigano.

Kuna sini moja, yaani tukio moja la pahala pamoja, mwanzoni nimeirudisha nyuma nikaitazama tena na tena. Wazee wako chumba hicho hicho, watoto wanajifanya wanafanya kazi za skuli, kumbe wanaandikiana kwenye daftari, Zahra anauliza nitakwenda skuli na nini, Ali anajibu. Tazama alivyokata hapo: daftari, macho ya Zahra, kalamu, uso wa Ali, daftari tena, na huku masikio yako yanasikia wazee wanaongea matatizo yao ya nyumba. Sauti ni dunia ya wakubwa, picha ni dunia ya watoto, na mkubwa hata mmoja hajui kinachoendelea. Mwengine angewatoa watoto nje wakazungumza kwa mdomo, ikawa sini ya kawaida tu usiikumbuke. Na humo humo baba anavunja sukari ya msikitini, mafungu kwa mafungu iko mbele yake, anataka sukari ya chai yake na hiyo haigusi kwa sababu ni amana. Ukishaona hivyo baba yule ushamjua ni mtu gani, na hakuna alietoa hotuba.

Mbio za mwisho siwaambii zinaishaje. Nasema tu kwamba zawadi ya mshindi wa tatu ni jozi ya raba, na Ali anakimbia akiitaka nafasi hiyo ya tatu, si ya kwanza. Sikiliza pumzi zake, na utazame namna Zahra anavyoingizwa katikati ya mbio zile ilhali hayupo pale. Hii ndo ilikuwa filamu ya kwanza ya Iran kuingia kugombea Oscar ya filamu za lugha za kigeni, na ilistahiki. Inazungumza Kiajemi, maandishi ya chini ni Kiingereza, kwa hiyo wewe mzazi au kaka mkubwa kaa na watoto uwasomee kwa Kiswahili, maneno yenyewe machache, wala usiogope, ndani yake hamna kitu cha kumfunika mtoto macho.

Ya pili ni The Gravedigger's Wife ya 2021, ya Khadar Ayderus Ahmed, Msomali aliehamia Finland akiwa kijana, na muvi yenyewe inazungumza Kisomali na kisa chake kiko Djibouti. Guled ni mchimba makaburi, anakaa nje ya hospitali na wenzake na makoleo yao wanasubiri apatikane maiti wapate riziki, na huku mkewe Nasra figo zinamuua na matibabu yanataka pesa ambazo mtu kama yule hawezi kuzipata. Yaani riziki yake iko kwenye mauti ya watu na mauti yanamfuata nyumbani kwake. Hii ndo iliyochukua zawadi kubwa ya FESPACO, lile tamasha la filamu za Afrika, kule Ouagadougou 2021, ile ya farasi wa dhahabu.

Jirani yangu niliitazama nae akanambia hii muvi haiendi, na najua wengi watasema hivyo, sasa nisikilizeni. Haiendi kwa sababu hajaikata. Guled anapotembea jangwani kwenda kijijini kwao kutafuta msaada shoti inakaa, inakaa, mpaka wewe mwenyewe unaanza kutaka maji. Angeikata kila sekunde mbili ungejua tu kwamba Guled kafika kijijini. Kuihisi ile safari ni kitu chengine na hicho kinataka muda, na mtu anaekata lazima awe na subira ya kuziacha sekunde zipite bila kuziogopa. Mie kazini kwangu nagombana na hilo kila siku, mteja anataka video ichangamke, iruke ruke, na mie namwambia bibi yako anavyokuombea dua pale wakati wa hina tumuache amalize, siku moja utakuja kuitafuta hiyo dua yote. Lawama yangu kwenye muvi hii ni moja, mtoto wao Mahad nilitaka nimuone zaidi, anaingia na kutoka. Lakini Omar Abdi alieigiza Guled na Yasmin Warsame alieigiza mke, wanapokuwa pamoja wanachekeshana na maradhi yako pale pale, unawaamini moja kwa moja kwamba hawa ni mume na mke. Na haifiki hata saa moja na nusu.

Vijana wa mapigano nanyi nna yenu. Nilikodi Taken 3 kwa sababu kila mtu anaipenda ile ya mwanzo, na nasema bora muiache dukani. Kuna pahala Liam Neeson anaruka uzio wa waya, uzio mmoja tu, na wamekata zaidi ya mara kumi ndani ya sekunde kama sita, mguu, mkono, waya, mgongo, mguu tena, jicho halijui lishike wapi. Kata nyingi namna hiyo kazi yake ni kuficha, mtu haruki kweli basi wanakuzungusha usigundue. Chukueni badala yake The Raid ya Indonesia, 2011, askari wameingia jengo la ghorofa Jakarta kumkamata mkubwa wa majambazi alieko juu na wakafungiwa humo. Muigizaji Iko Uwais silat, yaani mapigano ya asili ya kule kwao, anaijua khasa, na Gareth Evans alieiongoza ndo mwenyewe alieikata, kwa hiyo kamera inakaa mbali kidogo uone mwili mzima, uone mkono ulikotoka na ulikofikia, anakata pale pigo linapotua au pale mwelekeo unapogeuka. Damu nyingi mno, watoto wakalale kwanza.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, nadhani wengi mshaisikia hata kama hamjaiona, ile riwaya ya Adam Shafi wengine tumeisomea mitihani. Walioipenda riwaya wananuna, mbona hichi hakimo, mbona kile hakimo, na mie nawaelewa lakini riwaya ile ni nene, ukiitia yote kwenye muvi moja utapata orodha ya matukio. Shivji kachagua Yasmin na Denge na Unguja ile ya miaka ya 1950 chini ya Muingereza, mengine kayaacha, na mie namuunga mkono. Siti Amina kwenye nafasi ya Mwajuma kaibeba kila sini aliyoingia. Ila sini nyingi ni za usiku na rangi zake ni nzito, kwa hiyo tafadhali msiitazame kwenye simu juani wala kwenye nakala mbovu iliyobanwa ikaingia flashi ndogo, utaona kiza chenye vibox vibox halafu useme muvi mbaya.

Na hapo niseme kuhusu TV zenu, linaniuma hili. Muvi inapigwa fremu, yaani picha, 24 kwa sekunde, ndo maana ina ule mwendo wake wa sinema, sasa TV nyingi mpya zinakuja na mpangilio wa kulainisha mwendo ushawashwa tokea kiwandani, zinabuni fremu ambazo hazikuwepo na kuzichomeka katikati, matokeo yake muvi nzuri inaonekana kama tamthilia ya bei rahisi. Ingia kwenye mipangilio ya picha utafute kitu kinachohusu mwendo, uzime. Na ukiona maneno hayasikiki lakini mabomu yanatikisa madirisha, tazama mpangilio wa sauti, weka stirio, mara nyingi muvi inatoa sauti ya spika sita na TV yako ina mbili, na maneno yalikuwa kwenye spika ya kati ambayo huna.

Supa Modo ya Kenya, ya Likarion Wainaina, 2018, kodini bila kuuliza, mtoto Jo anaumwa ugonjwa usiopona na anataka kuwa shujaa wa sinema, na kijiji kizima kinaingia kazini kwa ajili yake. Tayarisheni leso tu.

Sasa hivi naitafuta The Color of Paradise ya Majidi huyo huyo, ile ya mtoto asieona, dukani hawana na Wete nimeuliza hawana vilevile. Mwenye DVD yenyewe aniambie, ntaifuata hata ikiwa Konde au Mkoani, na ntairudisha na Children of Heaven juu yake ukae nayo wiki nzima.